Kila Mama na Mbege Yake

Katika miji midogo ya miteremko ya Kilimanjaro, tangu Machame na Kibosho hadi Marangu, Mwika na kule Rombo, mnywaji wa mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, anayefika kilabuni alasiri haulizi kama pombe ipo. Anauliza leo ni zamu ya nani. Akitajiwa Mama fulani, huketi bila neno la pili, au huaga akisema atapita kesho. Wazee wa benchi lile wamekunywa kutoka mikono ile ile kwa miaka. Wanamjua anayeipenda nzito, ulezi ukielea juu ya kata. Wanamjua asiyeruhusu uchungu uzidi utamu. Wanamjua aliyeishiwa kuni njiani wiki iliyopita, mbege ikatoka imepauka. Hukumu hutolewa kwa sauti, mpishi akiwa amesimama pale pale, naye hujibu.

Ninaandika juu ya wanawake hawa kwa sababu ni mafundi, na nchi yetu haijawahi kuwahesabu hivyo. Tuna fundi cherehani, fundi seremala, fundi ujenzi. Mwanamke anayejua kwa kunusa tu kama nyalu yake, yale maji ya ndizi yanayochacha, imefika tunamwita mama muuza pombe, na baadhi yetu hutamka jina hilo kwa kukunja uso. Nani aliyewahi kumwita fundi?

Zamu yenyewe imetokana na tabia ya mbege. Pombe hii haina kungoja. Ikishachanganywa inaendelea kuchacha mpaka tone la mwisho: ikiwa changa ni tamu, kufikia jioni imepata nguvu, kesho yake ni kali, na siku ya tatu imekuwa chachu kiasi kwamba wenye mazoea tu ndio wataigusa. Wapishi watano wa kijiji kimoja wakipika siku moja, wanne watamwaga. Kwa hiyo hupangiana siku. Aliyefiwa hupishwa. Mwenye mtoto anayetakiwa kurudi shule huombewa siku ya gulio ili apate wateja wengi. Sufuria kubwa huazimwa kutoka nyumba hadi nyumba, na asiye na zamu huenda kumsaidia mwenzake kumenya. Vikundi vingine vimeingia kwenye VICOBA, wakiweka akiba na kukopeshana mtaji wa ndizi na ulezi. Vingine havina daftari wala mwenyekiti, vinaendeshwa kwa kujuana. Lakini kila siku ya zamu ni siku ya mtihani, kwa sababu wapishi wenzake ndio wa kwanza kuonja, na hao hawadanganyiki.

Ujuzi huo unaanzia kwenye mkungu. Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa, zikavumbikwa chini ya majani makavu ya mgomba au kupandishwa darini juu ya jiko ili joto na moshi viziivishe kwa pamoja. Mchare, ndizi inayosifika kwa mtori, ina kazi yake ya kila siku ikiwa mbichi. Za mbege sharti ziive hadi zilainike, sukari iwe imejaa, na mara nyingi huwa ni mchanganyiko wa aina zilizopo kihambani, yaani kwenye shamba linalozunguka nyumba. Kila mpishi ana msimamo wake juu ya mchanganyiko huo na ni vigumu kumtoa kwenye msimamo wake, kwani alifundishwa na mama mkwe, na mama mkwe alifundishwa na wake.

Zikiiva humenywa, hutiwa kwenye sufuria kubwa au pipa, huongezwa maji, na hupikwa juu ya moto wa kuni kwa saa nyingi. Hapa ndipo mpishi mgeni huanguka. Moto ukiwa mkali, ndizi hushika chini, na harufu ya kuungua ikishaingia haitoki tena kwa dawa yoyote. Moto ukiwa dhaifu, rangi haiji. Kinachotafutwa ni wekundu wa kahawia unaotokana na sukari ya ndizi kuiva polepole ndani ya maji yake. Mwanamke aliyezoea huitazama rangi hiyo ikigeuka, huchochea kuni moja, huondoa nyingine, huku akiendelea na kazi zake za nyumbani. Ukimuuliza amejuaje kwamba imetosha, atakuonyesha mwiko. Jinsi ndizi zinavyoteleza juu ya mwiko ndicho kipimo chake, na sijaona kitabu kinachoweza kuchukua nafasi ya mwiko ule.

Baada ya kupoa, mchanganyiko huo huchujwa na maji yake huachwa yachache. Wengi huyaita nyalu. Hakuna hamira ya dukani inayotiwa humo. Hamira iko hewani na kwenye kuta za chombo chenyewe kilichokwisha kutumika mara nyingi. Wapishi wazee wanaoazima sufuria ya kupikia kwa moyo mweupe huwa wazito kuazima chombo cha kuchachishia, na wana sababu ya kutosha: ndani ya chombo kile wanaishi viumbe wadogo waliozoea ndizi za nyumba ile, na ndio wanaoipa mbege yake ladha ambayo jirani hawezi kuiiga.

Kisha kuna msesewe. Ni gome la mti ambao wanasayansi huuita Rauvolfia caffra, mti mrefu wa maeneo yenye unyevu, unaopenda kusimama karibu na mito na mifereji. Gome hukaushwa na kutwangwa. Uchungu wake ni mkali, na wapo wanaoufananisha na kwinini. Kazi ya msesewe kwenye mbege ni ile inayofanywa na maua ya hopsi kwenye bia za Ulaya: kukata utamu na kuipa pombe uti wa mgongo. Mti huu una nguvu, hata waganga wa mitishamba wanautumia, kwa hiyo kipimo si jambo la kubahatisha. Mpishi mzuri hutia kiasi ambacho mnywaji atakisikia baada ya kumeza. Mpishi mbaya humfanya akisikie kwanza.

Upande wa pili wa kazi ni ulezi. Ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, huanikwa juani, husagwa. Hicho ndicho kimea. Punje ikichipua hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga na kuufanya kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha hamira. Bibi zetu hawakuwa na neno vimeng'enya, lakini walijua kwamba unga wa ulezi ambao haukuota hautoi mbege. Unga wa kimea hupikwa uji, ambao wengi huuita mso, ukapoa, ukachanganywa na nyalu, ukafunikwa. Usiku hufanya yaliyobaki. Asubuhi kuna povu juu, na ukiinamisha sikio unasikia mchemko mdogo ingawa hakuna moto.

Kimea ndicho kinachonipa wasiwasi zaidi katika mbege ya siku hizi. Ulezi uliokaushwa kwa haraka na kuwekwa kwenye gunia ukiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Wapishi wa zamani walianika kimea kwenye jua la siku nzima na kukigeuza geuza kama mtu anayetunza mtoto mgonjwa. Anayenunua kimea kilichosagwa tayari sokoni hawezi kujua kilianikwa vipi. Mabibi na mabwana afya wanaokagua vilabu huangalia choo na maji, na wanafanya vema. Ningependa waangalie pia gunia la kimea.

Mbege ina ndugu. Kagera wana lubisi, Uganda wana tonto, Rwanda na Burundi wana urwagwa. Zote ni pombe za ndizi, lakini zinatengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Huko ndizi mbivu hukamuliwa bila kupikwa, mara nyingi kwa kukanyagwa au kusuguliwa pamoja na majani makavu yanayosaidia kutenga juisi, kisha hutiwa unga wa mtama. Matokeo yake ni kinywaji chepesi. Mchaga anapika ndizi zake, anachuja, anaongeza uji wa ulezi, na anapata kitu cha kunywa chenye uzito wa chakula. Ndiyo maana mkulima aliyetoka kupalilia aliweza kunywa kata moja saa nne asubuhi na kuendelea na kazi hadi mchana.

Hakuna kinywaji kati ya hivi kinachoweza kueleweka nje ya shamba lake, na shamba la mbege ni kihamba. Wasomaji ambao hawajafika Uchagani wapate picha: nyumba iko katikati, juu kuna miti mirefu kama mruka, mringaringa na msesewe, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, chini kabisa magimbi, maharage na majani ya mifugo. Watafiti wa mimea wamehesabu zaidi ya spishi 500 katika vihamba vya Kilimanjaro. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, wilaya ya Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia nzima. Ng'ombe na mbuzi hufungiwa zizini, hula majani na vigogo vya migomba, na samadi yao hurudi kwenye migomba. Makapi yanayobaki baada ya kuchuja mbege nayo huishia kwa mifugo. Hakuna kinachotupwa.

Ndani ya kihamba hicho kulikuwa na mgawanyo wa zamani uliofanya mbege iwe kazi ya wanawake. Kahawa ilikuwa mali ya baba. Yeye ndiye aliyeipeleka kwenye chama cha ushirika, yeye ndiye aliyepokea malipo, na ushirika wa kahawa wa Wachaga uliokomaa na kuwa KNCU katika miaka ya 1930 uliandika majina ya wanaume kwenye vitabu vyake. Ndizi zilikuwa za mama. Aliamua mkungu upi ukatwe, upi uende jikoni, upi sokoni, upi uvumbikwe. Fedha ya kahawa iliingia kwa msimu, kwa kelele, na mara nyingi ilikuwa imeshapangiwa kazi kabla haijafika. Fedha ya ndizi na mbege iliingia kidogo kidogo mwaka mzima, ikanunua chumvi, mafuta ya taa, daftari, sare. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulipovunjika na bei kuporomoka, nyumba nyingi za Uchagani zilibaki zimeegemea upande wa mama. Baadhi ya wanaume waling'oa mibuni. Sijasikia mwanamke aliyeng'oa migomba.

Ulezi una historia yake, na inasikitisha kidogo. Zamani ulilimwa pale pale mlimani na chini yake, kwa maji ya mifongo, ile mifereji ya asili inayokatiza mabonde na kuzunguka vilima kwa mteremko uliopimwa kwa macho tu. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliofika Kilimanjaro katika karne ya 19 walishangazwa na mifereji hiyo. Sehemu kubwa ya maji yake ilimwagilia ulezi, na sehemu kubwa ya ulezi ilikwenda kwenye mbege. Kuchimba na kusafisha mfongo kulikuwa kazi ya ukoo na majirani, na walioshinda kwenye matope walingojewa na vibuyu vya mbege jioni. Mfereji ulileta ulezi, ulezi ukaleta mbege, mbege ikaleta watu wa kusafisha mfereji. Kahawa ilipochukua ardhi na watu walipoongezeka, ulezi ulisukumwa pembeni. Leo wapishi wengi wanategemea ulezi unaoletwa kwa lori kutoka mikoa mingine, na bei ikipanda huko, mso huwa mwepesi huku.

Lakini matumizi ya mbege katika mambo mazito ya ukoo hayajasukumwa pembeni kirahisi. Posa haikamiliki bila mbege. Wazee wa upande wa kijana hufika kwa wakwe na vyombo vilivyojaa, na wazee wa upande wa binti huonja kwanza kabla ya kufungua mazungumzo. Mbege ikiwa mbaya, mazungumzo huanza vibaya, kwa hiyo familia haimpi kazi hiyo mpishi yeyote tu. Hutafutwa shangazi au jirani ambaye mkono wake unajulikana, na kupewa kazi hiyo ni heshima inayokumbukwa. Ndugu waliogombana wakipatanishwa, jani la sale huletwa kuomba radhi na kata hupitishwa kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Kukataa kunywa ni kutangaza kwamba ugomvi unaendelea. Kwenye makaburi ya kihambani, wazee walimwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Mmisionari wa Kilutheri Bruno Gutmann, aliyeishi Moshi ya Kale kwa miongo kadhaa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na kuandika sana juu ya sheria na desturi za Wachaga, alikutana na pombe hii karibu kila mahali alipouliza habari za mapatano, mirathi na ndoa.

Makanisa yenyewe hayana sauti moja. Mbege haikuondoka kwenye sherehe nyingi za Wakatoliki na Walutheri, na si ajabu kukuta meza ya harusi yenye mbege, soda, bia na supu ya kisusio kwa pamoja. Kwa walokole hali ni tofauti. Nyumba iliyookoka haipiki na haionji, na ndugu zake hujifunza kupatana kwa soda. Ninaheshimu uamuzi huo. Wapo waliouchukua baada ya kuona baba akinywa ada ya shule, na hakuna hoja ya utamaduni inayoweza kumjibu mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Ulevi upo Kilimanjaro, unaua na unafukarisha, na anayeandika kuhusu mbege akauruka huwa amewadanganya wasomaji wake.

Hata hivyo tutenganishe vitu. Kinachoangusha vijana wengi barabarani ni pombe kali. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, ilikuwa imeona kwamba pombe kali ya bei ndogo, inayofichika mfukoni, iliingia hadi kwa wanafunzi na madereva. Gongo nayo hutengenezwa gizani, na mnywaji hajui kilichomo. Mbege haifichiki. Ni nzito, hunywewa kwa kata, inashibisha, na mtu hulazimika kuketi mahali wanapomwona. Ukiketi kilabuni, kuna mzee anayemjua baba yako, na kuna mama mwenye pombe ambaye anaweza kukukatalia kata nyingine. Wapishi wengi wana orodha kichwani ya watu wa kutopewa baada ya saa fulani. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inazitambua pombe za kienyeji na kuzitaka ziwe na leseni, lakini ulinzi wa kweli wa kila siku uko kwa mwanamke huyu anayejua kwamba kesho atakutana na mke wa mlevi kisimani.

Nchini Marekani mambo haya ya sheria na pombe ya nyumbani yamekwenda kwa njia ya ajabu. Marufuku ya pombe ilipoondolewa mwaka 1933, sheria ya shirikisho iliruhusu watu watengeneze divai nyumbani lakini ikaiacha bia nje. Kwa miaka 45 mtu aliyepika bia jikoni kwake alikuwa anavunja sheria. Hata hivyo walikuwapo waliopika, na mwaka 1974 kundi moja la California lililojiita Maltose Falcons likaanza kukutana, kuonjeshana na kufundishana. Mnamo Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi kupika hadi galoni 200 kwa mwaka, karibu lita 757, kwa matumizi yao bila kodi. Mississippi na Alabama, majimbo ya mwisho kuruhusu, yalingoja hadi mwaka 2013. Leo miji midogo kwa mikubwa ya nchi ile ina vilabu vya wapika bia wa nyumbani. Hukutana jioni moja kwa mwezi, kila mmoja na chupa zake. Wanaonja bia ya mwenzao, wanaijadili rangi, harufu, povu na uchungu, wanaandika alama kwenye karatasi. Wapo majaji waliofanya mtihani ili waruhusiwe kuhukumu bia za mashindano. Viwanda kadhaa vidogo vilivyopata jina kubwa vilianzishwa na watu waliotoka kwenye meza hizo.

Ninapofikiria meza zile, ninaona benchi za Uru na Kibosho. Kazi ni ile ile: kuonja pombe ya jirani na kusema ukweli. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na watu walioandika. Waliandika vipimo, makosa, majina ya waliogundua njia bora, wakachapisha, na mtu wa mji mwingine akaanza pale walipoishia. Huku mpishi hodari akifariki, watoto wanagawana sufuria zake, na kipimo chake cha msesewe kinazikwa naye. Binti zake wako Dar es Salaam, Arusha, wengine Ulaya; wanaijua mbege kama wanywaji. Watafiti wachache wamefika vijijini, wakapima nyalu na mso, wakaandika makala katika majarida ya kisayansi kwa Kiingereza. Kazi yao ni nzuri. Lakini mpishi wa Mwika hawezi kuisoma, na jina lake halimo.

Nchini tumeona kwamba ndizi inaweza kuingia kwenye chupa. Divai ya ndizi ya Raha, inayotengenezwa Arusha, imekuwa ikiuzwa kwa miaka mingi, na imewapa wakulima soko. Mbege ni jambo jingine. Uhai wake uko kwenye kuchacha kusikokoma. Ukiiziba kwenye chupa itapasua kizibo, ukiichemsha ili itulie utapata uji wa ndizi. Ndiyo maana bia ya kiwandani inayobeba jina la mlima wetu inanunuliwa Mtwara na Mwanza, nayo mbege haivuki Boma Ng'ombe ikiwa salama. Silioni hilo kuwa kasoro ya kurekebishwa. Pombe inayokataa kusafiri inawalazimisha watu waifuate, na wakifika hukuta mpishi, kihamba na ndugu.

Yanayohitajika ni madogo na yanawezekana ndani ya halmashauri za mkoa wa Kilimanjaro bila kungoja mfadhili. Miche ya msesewe ioteshwe kwenye vitalu vya kata, kwa sababu miti iliyo karibu na njia inachunwa gome kuzunguka shina lote, na mti uliochunwa hivyo hukauka. Gome likitolewa upande mmoja kwa vipande vidogo, mti hupona. Jambo hilo kila mzee analijua, lakini mnunuzi wa gunia halijali. Maofisa ugani wanaofundisha kuhifadhi mahindi dhidi ya sumukuvu wawafundishe pia wapishi namna ya kuanika na kuhifadhi kimea. Majiko sanifu yanayopunguza kuni yajengwe kwa ukubwa wa sufuria ya mbege, maana mengi ninayoyaona yametengenezwa kwa sufuria ya familia, na mpishi wa mbege anapika kwa saa nyingi juu ya mafiga matatu, macho yamejaa moshi. Na vyuo vyetu vya maendeleo ya jamii viwatume wanafunzi na daftari, waandike kwa Kiswahili, jina la mpishi likiwa juu ya ukurasa.

Kwa wale wanaopanda mlima kila Desemba, jambo moja la kukumbuka. Mabasi ya kwenda Moshi hujaa mapema, na wapishi nao hujaa mapema. Ndizi za mbege ya Krismasi zinatakiwa zikatwe na kuvumbikwa kabla ninyi hamjafika, na kimea kinahitaji jua ambalo halipatikani kila siku katika mwezi ule wa mvua za vuli. Pigeni simu nyumbani wiki ya kwanza ya Desemba. Mwombeni shangazi au mama mdogo azungumze na mpishi mnayemwamini, mtume hela ya ndizi, ulezi na kuni kabla ya kazi kuanza, na msikawie kulipa iliyobaki. Mkifika, muulizeni mpishi maswali. Muulizeni anapima nini kwa mwiko, aliiacha nyalu kwa siku ngapi, gome lake analitoa wapi. Kama ana binti au mkwe anayejifunza, mpeni naye mkono wa shukrani. Mwaka unaofuata, zamu huenda ikawa yake.